Siku Usukani Ulipokaa Sawa

Nabintu mwanangu,

Umekwenda Muhumba kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, vya kula njiani. Mvua imeshika. Nimepata kukaa mezani peke yangu, na nafasi hii naitumia kukuandikia yale ambayo kesho, mbele ya mizigo na watu, sitaweza kuyatoa mdomoni. Mambo ya karatasi za mpakani, maana basi linazungukia nchi jirani, ya sweta, ya kutokula vya barabarani, mama yako amekwisha kukuambia, na asubuhi atayarudia. Mimi nitakuandikia habari ya usukani wa gari.

Najua hutaki kuisikia. Mtu akitaja gari unatoka chumbani. Vyombo vyako vya ufundi umevigawa. Unakwenda Lubumbashi kwa tonton Bisimwa, ndugu ya mama yako, kuuza vitenge dukani kwake, wewe uliyemaliza shule ya ufundi wa magari ukiwa msichana peke yako darasani. Sikukatazi. Lakini unaondoka na jambo kichwani ambalo si la kweli, na aliyekuwepo akaliona vizuri ni mimi.

Nakuandikia Kiswahili. Kifaransa nimekitumia maisha yangu yote kusahihishia makosa ya watoto wa watu, na leo makosa ni yangu.

Gari aliinunua babu yako, Land Cruiser ya zamani yenye usukani upande wa kushoto, wakati alipokuwa akipakia mchele Luberizi na kuupandisha hapa Bukavu kwa njia ya Ngomo, ile barabara ya mlimani yenye ukuta upande mmoja na bonde upande mwingine. Alipokufa ikawa yangu. Injini haikunisumbua sana. Ugonjwa wake ulikuwa usukani. Uliweza kuuchezesha kulia na kushoto, karibu upana wa kiganja, kabla magurudumu hayajasikia. Kwenye barabara iliyonyooka ilikuwa ikitembea kama mtu anayerudi kutoka kwenye pombe ya kasiksi. Babu yako, ambaye usukani aliuita volan, aliniambia, "Volan ikilegea, kata mbele ya kona. Usingoje kona ikufikie." Nami nikamfundisha hivyo kaka yako Murhula.

Halafu ugonjwa ukageuka kuwa kinga. Unaujua mji wetu. Kila wenye bunduki wanapobadilika, kitu cha kwanza wanachotafuta ni gari. Za jirani zetu zilikwenda, moja baada ya nyingine. Yetu ilichukuliwa mara moja, ukiwa bado shule ya msingi, na jioni ileile tuliikuta Nyawera, pua ndani ya mtaro. Kijana aliyeichukua alinirudishia ufunguo mwenyewe.

"Muzee," akasema, "gari yako ni mulevi. Itatuua."

Tulicheka sana nyumbani. Murhula alikuwa akimwigiza yule kijana mezani, mpaka mama yako akamwambia ale.

Tangu siku hiyo nikaupenda ule ubovu. Nilidhani nimegundua namna ya kuishi hapa: usiwe na kitu kizima kinachoonekana. Lango la nyumba sikulipaka rangi. Ulipokuwa wa kwanza darasani nilikuambia usilitangaze njiani, na nakumbuka uso wako uliponitazama. Nilikuwa nakulinda, nilivyoamini. Leo naona nilikufundisha kuona haya kwa kitu kizuri.

Na ubovu wenyewe haukutulinda kama nilivyopenda kusimulia. Ulikuwa mdogo, labda umesahau. Tulikuwa tukishuka Ngomo kwenda matanga, wewe na Murhula nyuma juu ya magunia, lori likatokea kwenye kona. Nilikata, gari ikakawia kusikia. Nikaongeza, ikasikia yote kwa pamoja. Gurudumu la mbele lilisimama kwenye ukingo kabisa, udongo ukimwagika bondeni. Mama yako alishuka, akawashika mikono, mkatembea kwa miguu mpaka chini. Niliporudi nyumbani nilichukua ufunguo wa nati nikakaza ile skrubu ndogo iliyo juu ya buatie. Kwangu buatie ilikuwa sanduku la chuma tu, mahali ambapo fimbo ya usukani inaingilia na mkono unaosukuma magurudumu unatokea. Nilikaza, nikajiambia nimetengeneza. Baada ya muda ikalegea tena, nikakaza tena. Hivyo ndivyo nilivyoendesha watoto wangu.

Ulipomaliza shule ulizunguka garaje zote za mji, ukaambiwa hawana kazi ya msichana. Ukarudi, ukavaa suruali ya zamani ya kaka yako, ukalala chini ya gari yetu. Ulimkalisha Murhula kwenye usukani, ukamwambia auchezeshe polepole huku na huku bila kukoma. Wewe ulikuwa chini, kiganja chako juu ya kila kiungo, ukitafuta ni wapi mwendo unapotea. Mimi nilisimama pembeni na hukumu yangu tayari.

"Ni buatie," nikakuambia. "Tukaze skrubu."

"Papa, ngoja. Buatie tutaisingizia mwisho."

Ukakuta rotuli mbili zimekwisha, zile nundu zinazounga fimbo za magurudumu, ukazibadilisha. Ulegevu ukapungua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa kweli ya buatie, na nyingi yake niliileta mimi. Ulinipeleka barabarani ukanionyesha: mahali paliponyooka usukani umelegea, kwenye kona unagoma, na ukiuachia haurudi wenyewe.

"Meno yameisha katikati, Papa, sababu gari inatembea sana mbele kuliko kona. Ukikaza ndiyo katikati ipone, kwenye kona inabanana. Skrubu haiongezake chuma yenye ilishakwisha."

Tukaenda Kadutu kwa muzee Rajabu, muuza vipuri, yule ambaye wazee wake walitoka pwani wakapitia Ujiji wakatulia Uvira. Alitutandikia mkeka wa vyuma. Nilikimbilia buatie moja iliyokuwa imepakwa rangi nyeusi, safi, inang'aa. Wewe uliigeuza mara moja ukairudisha chini.

"Hii ni ya gari ya mukono wa kuume. Tukiifunga kwetu, utakata kushoto na gari itaenda kuume."

Nilibishana nawe mbele ya watu. Nilisema chuma ni chuma, fundi hodari ataigeuza. Muzee Rajabu alicheka kwa upole. "Binti anasema kweli, mwalimu. Hiyo imetoka Tanzania. Kule dereva anakaa upande mwingine." Akatutolea ya pili, kubwa, ya gari mpya, inayosaidiwa na mafuta, ambayo ungeizungusha kwa kidole. Hiyo nayo ukaikataa, kwa sababu ilitaka tukate chuma cha chini na kuunga kwa moto. "Chuma ya babu imeshazeeka," ulisema. "Tukiikata sitalala. Nataka ndugu yake kabisa, yenye ilizaliwa na gari kama yetu." Nilikasirika, nikatangulia kutoka. Leo nataka ujue kwamba njiani, nikikuacha nyuma na kikapu chako, nilikuwa nikitabasamu. Sikukuonyesha. Sijui kwa nini baba anaficha kitu kama hicho.

Mkaipata Luberizi, wewe na Murhula, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, ndani ya gari iliyokufa zamani, kuku wakilala kwenye viti. Murhula ndiye aliyenisimulia. Alisema uliikumbatia ile buatie katikati ya magoti, ukafumba macho, ukazungusha fimbo yake polepole kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, ukisikiliza ni wapi inakwaruza. Vijana wa mashine walisimama kukuangalia, wakaanza kukuchokoza, halafu wakachuchumaa nao kusikiliza. "Iko muzima," ulisema. Mlirudi nayo ndani ya gunia la mchele, umeipakata kama mtoto. Kaka yako aliniambia, "Papa, yule mutoto ni fundi kweli. Mimi sijue hata kushika ufunguo ya nati, lakini nimeona." Alifundisha hesabu shuleni kwangu, mikono yake ilikuwa na chaki tu siku zote.

Uliifunga bila haraka. Ulitafuta katikati yake kwanza, ukanyoosha magurudumu, ndipo ukaunganisha, na nilipotaka kusaidia ulinipa tochi nishike. Nilishika tochi vizuri. Hilo angalau nililifanya.

Jumapili ile tulitoka sote baada ya misa. Mama yako alikaa mbele na kitenge chake cha sherehe. Kwenye kona ya kwanza Murhula alikata mapema, kama nilivyomfundisha, na gari ikamtii palepale, nusura itupeleke mtaroni. Alisimama, akacheka mpaka akaweka paji la uso kwenye usukani. "Nabintu, umeniharibia. Itabidi nijifunze upya." Tulifika Mumosho tukarudi. Mahali paliponyooka aliondoa mikono, gari ikaenda mbele, haikuyumba. Mama yako, ambaye tangu siku ya Ngomo alikuwa akipanda gari ile huku ameshika rozari, alilala. Alilala, Nabintu, kichwa kwenye kioo. Sikuwahi kuona kazi ya mtoto wangu ikifanya kitu kama hicho.

Sasa nifike panaponiuma. Siku zile gari zilikuwa zikichukuliwa tena. Tuliporudi uliniambia, "Papa, tuitoe magurudumu. Tuiweke juu ya mawe, ionekane imekufa." Murhula alikubaliana nawe. Mimi nilikataa. Nilisema miaka yote nimeendesha aibu, niacheni niendeshe gari. Jumapili iliyofuata nilisimama uani kwa kanisa na kumwambia kila aliyetaka kusikia kwamba gari ya marehemu baba sasa inakwenda kama mpya, na kwamba aliyeitengeneza yuko nyumbani kwangu. Mtu aliyetumia maisha yake kuwafundisha watoto kujificha, siku moja alichoka kujificha, na akachagua siku mbaya. Kama unatafuta mahali ambapo mambo yalipotea, weka kidole hapo. Usikiweke chini ya gari.

Walikuja mchana, tukiwa tunakula. Vijana, wapole wa maneno. Mkubwa wao alinisalimia kwa heshima.

"Papa, tunaomba gari. Ni kazi ndogo."

Nilitoa kinga yangu ya zamani. "Gari iko mugonjwa ya volan. Uliza mutu yote hapa."

Akachukua ufunguo, akampa mmoja wao, naye akazunguka na gari, akarudi. Wakasemezana. Mkubwa akanigeukia, hata hakukasirika.

"Papa, unatudanganya. Volan iko sawa kuliko ya kwetu. Nani aliitengeneza? Na ya kwetu tunataka aiangalie."

Wewe ulikuwa mlangoni mwa jikoni. Ulipiga hatua. Umeniambia mara moja tu, ukiwa na homa, kwamba ulinyamaza kwa woga. Hukunyamaza. Ulikuwa umefungua mdomo, nami nilikuwa karibu, nikakushika mkono juu ya kiwiko, nikaufinya kwa nguvu zangu zote. Alama za vidole vyangu zilibaki kwenye ngozi yako, niliziona kesho yake ulipokuwa ukifua. Hukunyamaza wewe. Nilikunyamazisha.

Na Murhula aliona. Aliangalia mkono wangu, akaniangalia machoni, si kwa hasira, kama mwalimu anayepokea daftari na kuona jibu limeshaandikwa. Akasimama.

"Ni mimi fundi," akasema.

Akajipangusa mikono yake misafi kwenye suruali, namna alivyokuona wewe ukifanya.

Hakuna aliyeniambia nichague kati ya watoto wangu. Nilichagua kabla sijafikiri, na mwanangu mkubwa alinitazama nikichagua, akanisaidia. Nikirudishwa siku ile, ningekushika tena. Nikirudishwa siku ile, nisingeweza kumwacha aende. Yote mawili ni kweli, na sijapata usingizi unaoweza kuyabeba yote mawili. Walisema atarudi magharibi. Alipanda mbele, akakata kona ya barabara yetu vizuri, bila kuwahi, akapotea.

Ulikuwa nami tulipozunguka ofisi kwa ofisi, kila mlango ukitutuma mlango mwingine. Ulikuwa nami Mumosho tulipoambiwa wamepita, na wale waliosema wamepita wakasema tena hawakuona kitu. Lakini Luberizi nilikwenda peke yangu, mtu alipoleta habari kwamba gari iko kule, kando ya mashamba ya mpunga. Nilirudi nikawaambia ni yetu na ni tupu. Zaidi ya hapo sikusema, na mlikuwa mkiningoja niseme.

Basi hivi ndivyo ilivyokuwa. Magurudumu yalikuwa yametolewa, na injini, na viti, na milango. Niliangalia kila sehemu ya chuma. Hakukuwa na tundu la risasi, hakukuwa na damu. Kiatu hakikuwepo, shati halikuwepo, hakuna kitu chake. Niliwauliza wenye mashamba. Waliniambia waliikuta hivyo asubuhi moja. Usukani uliachwa, na buatie iliachwa, labda hawakuwa na vyombo vya kuitoa, kwa jinsi ulivyokuwa umeifunga. Nilikaa chini pale palipokuwa na kiti, juu ya chuma kitupu, nikashika usukani. Nikauzungusha kidogo tu, chini ya upana wa kidole. Nikasikia fimbo huko chini ikisogea papo hapo. Nikaushika hivyo mpaka wenye mashamba wakanijia kuniuliza kama naumwa.

Hili ndilo nililotaka uondoke nalo. Kaka yako alikwenda na uongo mmoja, kwamba yeye ni fundi. Uongo ule ulikuwa na maisha marefu kadiri gari ilivyokuwa nzima. Kama siku moja walimwambia atengeneze kitu akashindwa, hakikuwa usukani wa gari yetu. Kama alishuka Ngomo usiku, na lori likatokea kwenye kona, gari ilimsikia. Kazi yako haikumchukua. Kazi yako ilikwenda naye, na kwa muda ambao siujui ilikuwa kitu pekee cha nyumbani kilichokuwa upande wake.

Sikuambii atarudi. Mama yako anaamini hivyo, na simkatazi; kila jioni anafungua lango kidogo kabla hatujalifunga kwa kufuli. Mimi sina imani hiyo, na sina pia ile nyingine ambayo ingeniruhusu kumlilia. Nimebaki katikati, mahali pasipo na meno. Watu wa kanisa wananiambia nina wewe, nimshukuru Mungu. Namshukuru. Halafu narudi nyumbani na kesho huna budi kuondoka, kwa sababu mji huu hauna cha kukupa, na kwa sababu kila ukitoka uani unaangalia pale gari ilipokuwa ikisimama, na mafuta yake bado yako kwenye udongo.

Uza vitenge, kama vitenge vinakupa usingizi. Ukipita siku moja mbele ya garaje na mkono wako ukataka kushika kitu, ushike au uuache, mimi sitajua na sitakuuliza. Nilikwisha kukushika mkono wako mara moja bila kukuuliza. Ila usimwambie mtu kwamba hukuwa fundi. Uongo huo haumfai marehemu babu yako wala kaka yako.

Nasikia mlango. Umerudi, mama yako anakuuliza kama umelowa. Nimalize.

Kule Lubumbashi watu watakuuliza, kama wanavyouliza kila mahali, muko watoto wangapi kwenu. Nilijaribu kulitafutia swali hilo jibu ambalo halitakuumiza, sikulipata. Mimi nikiulizwa nakohoa, nageuza mazungumzo. Mama yako anajibu palepale, bila kutikisika. Mfuate mama yako. Sema wawili.

Ni mimi, Papa.